Reli ya Kusini ilikufa, mzigo ukaangukia Kibiti

Lori la saruji likitoka kiwanda cha Dangote, Mtwara, kwenda Dar es Salaam, huvuka Mto Rufiji na kupita Kibiti. Njia nyingine ya lami huzungukia Songea na Makambako, na dizeli ya mzunguko huo hula faida yote.

Kusini iliwahi kuwa na reli. Mwaka 1949 treni zilianza kwenda Nachingwea kutoka gati la Mkwaya, karibu na Lindi, zikabebe karanga za mradi mkubwa wa Waingereza. Karanga hazikupatikana, na Januari 1951 London ikatangaza kuuacha mradi. Reli ilirefushwa hivyo hivyo hadi bandari mpya ya Mtwara, kisha Masasi, ikitafuta mzigo. Korosho za wakati ule hazikutosha. Shirika la Reli na Bandari la Afrika Mashariki likaifunga mwaka 1962, stesheni zikabaki bila treni, na reli zikang'olewa.

Kwa hesabu za mwaka ule, huenda hapakuwa na la kufanya. Lakini kung'oa kabisa kulikuwa kuuza jembe kwa sababu ya msimu mmoja wa ukame. Msimu wa 2017/18 nchi ilivuna zaidi ya tani 300,000 za korosho, nyingi za Mtwara na Lindi, na hapakuwa na behewa la kuzipeleka bandarini.

Kwa safari za Dar es Salaam, tegemeo lilikuwa pantoni ya Ndundu, kwenye Mto Rufiji. Masika mto ukifurika, malori yalilala kando ya maji na bidhaa za dukani zikaadimika Lindi. Foleni hiyo iliwalisha mama lishe, wapakuzi na wauza samaki wa delta. Agosti 2003 Daraja la Mkapa, lenye urefu wa karibu mita 970, likaimaliza. Leo wachuuzi wa machungwa na korosho husubiri mabasi Ikwiriri na Kibiti.

Daraja halikumaliza hatari. Mei 2024, mvua za kimbunga Hidaya zilikata barabara eneo la Somanga, na mabasi ya Kusini yakakwama pande zote mbili.

Mpango wa reli ya Mtwara hadi Mbamba Bay, yenye matawi ya Liganga na Mchuchuma, umezungumzwa miaka mingi kwa hesabu za chuma na makaa ya mawe. Wapangaji waanze na korosho, ufuta na saruji: mzigo huo upo barabarani sasa, na chuma cha Liganga bado kimo ardhini.