Mbps Siyo MB: Elewa Kasi ya Intaneti Kabla Hujanunua Ruta ya Nyumbani na Shambani

Siku hizi nikitembelea mashamba ya vijana, tukimaliza habari za mbolea linafuata swali la intaneti. Huyu anataka kamera kwenye banda la kuku, yule anauza nyanya WhatsApp lakini picha zinagoma kupanda. Wote wanatafuta "ruta yenye spidi kali". Kabla hujatoa hela, yajue haya.

Kasi ni bomba, bando ni tenki

Wanaomwagilia watanielewa haraka. Mbps ni kiasi cha data kinachopita kwa sekunde, kama maji kwenye bomba. GB za bando ni ujazo wa tenki. Bomba nene haliongezi maji kwenye tenki. Ukifungulia lote, linalimaliza mapema tu.

Halafu angalia herufi. b ndogo ni biti, B kubwa ni baiti, na baiti 1 ina biti 8. Kwa hiyo 10 Mbps ni MB 1.25 kwa sekunde. Video ya MB 100 itachukua sekunde 80, tena mtandao ukiwa safi.

Kupakua na kupakia

Matangazo mengi hutaja kasi ya kupakua tu. Lakini wewe mfanyabiashara unatuma sana picha, video na kamera. Huko ni kupakia, na mara nyingi kasi yake ni ndogo zaidi. Uliza zote mbili.

Tupige hesabu ya kamera. Ikirusha picha kwa 1 Mbps saa 24 bila kupumzika, inakula karibu GB 11 kwa siku, yaani zaidi ya GB 300 kwa mwezi. Bando la GB 50 linakata siku ya tano, na mwizi wa kuku anaweza kuja ya sita. Chagua kamera inayorekodi kwenye memori kadi na kutuma taarifa pale tu inapoona kitu kinatembea.

Ukiuziwa kifurushi "bila kikomo", uliza: nikishatumia GB ngapi kasi inapunguzwa, na inashuka hadi ngapi?

Kifaa gani?

Modemu ya kebo, inayotumika sana Marekani, hupitisha intaneti kwenye waya wa televisheni ya kebo. Usiiagize kwa sababu ni bei poa. Kama kwako hakuna waya huo, umenunua pambo.

Kama faiba imefika mtaani kwako, anza nayo. Shambani wengi wetu tutatumia ruta ya laini ya simu. Ruta ya 4G ya daraja la Cat 4 mwisho wake ni 150 Mbps kupakua na 50 kupakia, na hicho ni kiwango cha juu kwenye makaratasi. Ukiona boksi limeandikwa "300 Mbps", mara nyingi hiyo ni kasi ya WiFi kati ya ruta na simu yako, siyo ya intaneti. Hakikisha pia ruta haijafungwa kwa mtandao mmoja, na ina tundu la antena ya nje kama mnara uko mbali.

Pima kwanza

Hupandi bila kupima udongo. Azima laini za mitandao tofauti, simama pale ruta itakapokaa, upime kasi asubuhi, mchana na saa mbili usiku watu wakiwa wengi mtandaoni. Andika namba zote. Laini iliyotulia kwenye 8 Mbps ni bora kuliko inayopanda 40 mchana na kufa jioni.

Ukishanunua

Iweke ruta juu, karibu na dirisha linalotazama mnara. Kuta za bati huzuia mawimbi, kwa hiyo usiifungie stoo. Kwa kamera za mbali tumia WiFi ya 2.4 GHz, ya 5 GHz ina kasi zaidi ila haifiki mbali. Wenye sola, soma adapta: ya volti 12 na ampea 1 haizidi wati 12, yaani Wh 288 kwa siku nzima. Ziingize kwenye hesabu ya betri, la sivyo kamera zitazima usiku, wakati ndio unazihitaji.