Je, Wajua? Kirusi cha Mate na Wavulana Wachache

Mama akimtafunia mwanawe chakula, huweza kumwambukiza kirusi cha Epstein-Barr kupitia mate. Wengi wetu tunacho, wala hatuna habari nacho. Lakini wapo wavulana wachache waliozaliwa na hitilafu kwenye kromosomu X, mara nyingi wakiirithi kwa mama asiyeumwa chochote. Kwao kirusi hicho hicho huweza kuua, na hatari ya limfoma, saratani ya chembe za kinga zenyewe, huwa kubwa. Daktari David Purtilo wa Marekani aliueleza ugonjwa huu utokanao na hitilafu hiyo mwaka 1975. Jeni lake likapatikana 1998. Tiba yake ni kupandikizwa uboho wa mtu anayelingana na mgonjwa.

Na kirusi chenyewe? Kilionekana kwanza London, 1964, ndani ya chembe za uvimbe zilizosafirishwa kwa ndege kutoka Uganda.