Mwanafunzi wa Ubunifu Majengo Chini ya Mlima Meru

Ubunifu majengo ni taaluma ya kupanga nafasi, mwanga, hewa, vifaa na gharama kabla fundi hajachimba msingi, na nchini Tanzania imefundishwa kwa muda mrefu katika Chuo Kikuu Ardhi cha Dar es Salaam, taasisi iliyoanza mwaka 1956 kama shule ya upimaji ardhi, ikawekwa chini ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam mwaka 1996, kisha ikawa chuo kikuu kinachojitegemea mwaka 2007. Kijana wa Arusha anayeichagua fani hii mara nyingi hushuka pwani, akasomea katika jiji la joto na unyevunyevu ambalo shida yake kubwa ni namna ya kuukaribisha upepo ndani ya nyumba. Anaporudi kwao kwa mafunzo ya vitendo, au anapochagua kiwanja cha Arumeru kwa mradi wake wa mwisho, hukuta kwamba Mlima Meru, wenye kimo cha zaidi ya mita 4,500, pamoja na jiji lililotandaa chini yake kwenye mwinuko wa takribani mita 1,400, una maswali ambayo pwani hayaulizwi.

Masomo ya fani hii hayaendeshwi kwa mihadhara peke yake. Kiini chake ni studio, yaani ukumbi wa kuchorea ambamo mwanafunzi hupewa kazi moja baada ya nyingine, kuanzia kibanda au kituo cha basi, kupitia nyumba ya familia, shule, zahanati na soko, hadi jengo kubwa la umma, na kila kazi huishia mbele ya jopo la walimu wanaoihoji michoro iliyobandikwa ukutani. Michoro hiyo ni ya aina tatu kuu: ramani ya sakafu, inayoonyesha vyumba kama vinavyoonekana kutoka juu, sura ya jengo, inayoonyesha kuta zake kutoka nje, na mkato, unaolipasua jengo kutoka paa hadi msingi ili kilichomo kionekane. Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza huvutiwa na sura, jambo ambalo si la kulaumiwa, kwa kuwa hata wateja huvutiwa nayo, na programu za kompyuta siku hizi hutoa picha ya jengo linalong'aa kabla mchoraji hajajua maji ya bafuni yatatokea wapi. Kukomaa kwake huonekana pale mapenzi yanapohamia kwenye mkato, kwa sababu ndio mchoro unaoonyesha jua linapogonga, joto linapopanda, mvua inapokwenda, na ardhi ilivyoinama chini ya jengo.

Jua ni mfano mzuri. Arusha iko nyuzi tatu na kitu kusini mwa Ikweta, hivyo jua la adhuhuri hupita utosini mara mbili kwa mwaka, karibu na katikati ya Machi na mwanzoni mwa Oktoba. Kati ya vipindi hivyo huegemea kaskazini mnamo Juni na kusini mnamo Desemba. Kanuni inayofundishwa kwa ukanda wote wa Ikweta, kwamba jengo lirefushwe kutoka mashariki kwenda magharibi ili kuta fupi ndizo zipigwe na jua la asubuhi na la jioni, inafaa hapa pia, lakini haitoshi. Kuanzia Juni hadi Agosti usiku wa Arusha ni wa baridi, na kipimajoto hushuka chini ya nyuzi 15, wakati ambapo jua liko upande wa kaskazini, ambako ndiko uliko mlima. Sebule yenye madirisha makubwa upande huo hupata mandhari ya Meru na kiasi cha joto katika msimu mmoja, ilhali sebule iliyogeuziwa barabarani kwa ajili ya kuonekana hupata vumbi na kelele. Mwanafunzi aliyezoea matundu ya hewa ya Dar es Salaam, yasiyofungika, huyachora huku nyumbani kwa mazoea, na wenye nyumba huishia kuyaziba kwa magazeti.

Wazee wa Kimeru na Kiarusha walikuwa na jibu lao: nyumba ya mduara ya miti na udongo, yenye paa nene la nyasi au majani ya migomba, moto ndani na mara nyingine mifugo iliyolala humo humo, ikiongeza joto. Mwanafunzi anayeipima na kuichora nyumba kama hiyo hujifunza mengi kuhusu namna ya kuhifadhi joto, lakini hana sababu ya kuipamba kupita kiasi, maana moshi uliozuia wadudu wasile nyasi uliumiza pia macho na mapafu ya waliolala chini yake.

Suala zito kuliko yote ni maji. Miamba ya volkano ya Meru, mlima uliolipuka mara ya mwisho mwaka 1910, ina madini ya floraidi ambayo huyeyuka katika chemchemi, mito na visima, na yakizidi katika maji ya kunywa huyafanya meno ya watoto kuwa ya kahawia na, kwa kunywewa miaka mingi, hupindisha mifupa. Shirika la Afya Duniani linapendekeza kiwango kisichozidi miligramu 1.5 kwa lita, na vyanzo vingi vya upande wa kaskazini, kama vile Ngarenanyuki, hukipita mno. Upande huohuo ndio unaokingwa na mlima usipate mvua ya kutosha, hata nyumba ya Tengeru, iliyozungukwa na migomba na kahawa, na nyumba ya Oldonyosambu, iliyozungukwa na nyasi kavu, zinatofautiana kama za nchi mbili ingawa mlima ni mmoja. Maji ya mvua hayana floraidi hiyo, na hapo ndipo paa linapoacha kuwa kofia ya nyumba na kuwa chanzo cha maji.

Hesabu yake ni nyepesi, na inashangaza kwamba michoro mingi haina. Milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ni lita moja. Kwa hiyo paa la mita za mraba 120 katika mwezi wa masika wenye milimita 200 hupokea lita 24,000, na hata ikipotea sehemu ya tano kwa kumwagika na kuosha vumbi, zinabaki zaidi ya lita 19,000. Familia ya watu watano ikitenga lita saba kwa kila mtu kwa siku, kwa kunywa na kupikia tu, itahitaji takribani lita 5,400 kuanzia mwanzo wa Juni hadi mwisho wa Oktoba, miezi ya kiangazi. Tatizo basi si uhaba wa mvua, bali ni mahali pa kuweka simtanki, urefu wa mfereji wa bati, na bomba la jikoni lililotenganishwa na lile la choo na bustani. Mambo hayo yakiamuliwa kwenye mkato, gharama yake ni ndogo. Yakiachwa mpaka nyumba iishe, fundi atalazimika kutoboa kuta zilizokwisha kupakwa rangi.

Kwa mtazamo huo, mtindo wa sasa wa kuficha paa nyuma ya ukuta ulioinuliwa, ili nyumba ionekane kama sanduku la kisasa, haufai kwa mvua za masika za Arusha isipokuwa kwa fundi stadi na mwenye nyumba makini, kwani mfereji uliofichwa huziba kwa majani, maji hujaa, na dari hulowa. Paa lenye mteremko na ukingo uliotoka nje huonekana la kizamani, lakini hukinga ukuta na kujaza tangi.

Vifaa navyo vinatoka mlimani. Mawe ya volkano hutumika kwa misingi na kuta, na moramu, changarawe nyekundu ya volkano, hutandazwa barabarani na kujazwa chini ya sakafu. Lakini machimbo hayo yana bei isiyoandikwa kwenye ankara: mwaka 2013 kifusi cha machimbo ya moramu ya Moshono kiliwafukia na kuwaua watu zaidi ya 10. Eneo hili liko pia kando ya Bonde la Ufa, na matetemeko ya Julai 2007 yalisikika hadi jijini, ndiyo maana lenta, yaani mkanda wa zege na nondo unaozifunga kuta zote juu ya milango na madirisha, si mahali pa kubana matumizi.

Jiji lenyewe ni darasa. Boma la Wajerumani, lililokamilika mwaka 1900 kwa nguvu za Waarusha na Wameru walioshindwa vitani, lilikuwa ngome, likawa ofisi za serikali, na sasa ni makumbusho. Majengo ya AICC, yaani Kituo cha Mikutano cha Kimataifa cha Arusha, yalijengwa miaka ya 1970 kuwa makao makuu ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya zamani, jumuiya ikavunjika mwaka 1977, na miaka mingi baadaye kumbi zake zikapokea mahakama ya mauaji ya kimbari ya Rwanda. Mwanafunzi anayeiona historia hii huanza kujiuliza jengo lake litafaa kwa kazi gani baada ya mwenyewe kuondoka, swali ambalo jopo la studio huliuliza mara chache. Mito ya Themi na Naura nayo humfundisha mipaka, kwa kuwa Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka kingo za mto, katika jiji ambalo wakazi wake wameongezeka kutoka takribani 416,000 mwaka 2012 hadi zaidi ya 617,000 mwaka 2022.

Kwamba kazi ya mwanafunzi inaweza kuwa jengo la kweli si ndoto. Francis Kéré wa Burkina Faso alikuwa bado mwanafunzi mjini Berlin alipoibuni shule ya msingi ya kijijini kwao Gando, iliyokamilika mwaka 2001 kwa matofali ya udongo na paa la bati lililoinuliwa juu ya dari ili joto litoke, na mwaka 2022 akawa Mwafrika wa kwanza kupata tuzo ya Pritzker. Wanafunzi wengi hulinakili paa hilo, nako ni kumwelewa nusu: Gando kuna joto kali, na dari yenye mianya ikipelekwa Ilboru, hapa Arusha, itawapa watoto darasa la baridi. Mfano wa karibu zaidi ni Soko la Kariakoo la Dar es Salaam, lililobuniwa na Beda Amuli, Mtanzania aliyesomea ubunifu majengo Haifa, Israeli; paa lake la miavuli ya zege iliyopinduliwa hukusanya maji ya mvua na kuyashusha. Huko King'ori, kati ya Meru na Kilimanjaro, kituo cha watoto cha Econef, kilichobuniwa na ofisi za Sweden na Finland, kimefuata njia hiyohiyo ya kuvuna mvua.

Mtu anayekusudia kujenga Arusha, kabla ya kununua ramani kwa kuvutiwa na picha ya mbele, na amwombe mbunifu aliyesajiliwa, au mwanafunzi anayefanya mafunzo katika ofisi yake, amwonyeshe mkato wa nyumba, kisha amuulize maji ya paa yataingia tangi gani.