Kupanda Mlima Kilimanjaro pamoja na Kiongozi

Kaeni vizuri, kila mtu na kalamu yake. Mwalimu wa darasa, tafadhali andika ubaoni maneno matano haya: kilele, kiongozi, mpagazi, hewa, mkataba. Tutayakuta mara nyingi katika somo la leo.

Tumepata barua kutoka darasa moja la Temeke. Wanachama wa kikoba chao wanataka kuchangishana fedha, ili watu sita wapande Mlima Kilimanjaro wakati wa sikukuu ya Uhuru, tarehe 9 Desemba. Wanauliza hivi: Je, mtu wa pwani aliyezoea joto na mchanga, ambaye hajapata kupanda hata kilima, aweza kufika juu? Na je, fedha zetu zitakuwa salama? Maswali haya ni mazuri. Safari hii yagharimu fedha nyingi, na mtu asiyejua aweza kupoteza zaidi ya fedha. Watu hufa katika mlima ule. Si wengi, lakini hufa, na mara nyingine ni kwa jambo ambalo lingezuilika kama mgonjwa angeteremshwa mapema.

Jibu la swali la kwanza ni ndiyo, mtu wa pwani aweza. Lakini sharti aelewe anakwenda mahali pa namna gani.

Kilele cha Kilimanjaro huitwa Uhuru. Urefu wake ni mita 5,895 juu ya bahari, na hakuna mahali pa juu zaidi katika Afrika nzima. Wewe ukaaye Kinondoni au Temeke upo karibu sawa na bahari yenyewe. Basi unapotoka nyumbani mpaka kileleni, unapanda mlima wote tangu mguuni pake, wala hukuanza nusu ya njia kama afanyavyo mtu aliyezaliwa Marangu.

Hakuna ruhusa ya kupanda peke yako. Mlima umo katika Hifadhi ya Taifa, nayo sheria ya hifadhi yataka kila mpandaji aende na kiongozi mwenye leseni, kwa njia ya kampuni iliyosajiliwa. Wengine hunung'unika, husema, "Mlima ni wetu, kwa nini nilipie mtu wa kunionyesha njia?" Lakini njia si kazi yake kubwa. Njia ya Marangu imekanyagwa na maelfu ya watu, hata mtoto angeiona. Kazi kubwa ya kiongozi ni kukutazama wewe: unakulaje, unatembeaje, unajibuje ukisemeshwa. Ajua dalili za ugonjwa wa mlima kabla wewe mwenyewe hujazijua.

Sasa sikilizeni vizuri habari ya hewa, maana hapa ndipo penye kiini cha somo.

Mmekwisha kuona mabelo ya mitumba yaliyopangwa juu kwa juu sokoni. Belo la chini kabisa limebanwa na uzito wa yote yaliyo juu yake. Nguo zake zimeshikana sana. Belo la juu limelegea. Hewa nayo ina uzito, na imepangwa juu yetu namna hiyo hiyo. Sisi wa pwani twaishi katika belo la chini. Hewa yetu imebanwa, na kila tukivuta pumzi twapata hewa nyingi. Kadiri unavyopanda, hewa inalegea. Watu husema huko juu oksijeni imekwisha, lakini si kweli. Katika kila sehemu 100 za hewa, sehemu 21 ni oksijeni, pwani na kileleni pia. Ila kileleni hewa yenyewe ni nyepesi, hata pumzi moja yakupa kama nusu tu ya oksijeni uipatayo hapa Dar es Salaam.

Mwili wafanya nini? Huvuta pumzi haraka zaidi, moyo hupiga mbio, na baada ya siku chache damu nayo huanza kujirekebisha. Neno la kushika hapa ni siku. Mwili huzoea, lakini hautaki kuharakishwa. Ndiyo maana viongozi wote wa Kilimanjaro hurudia maneno mawili, "pole pole", hata wageni wa nchi za mbali wanayajua. Kijana mwenye nguvu wa kucheza mpira aweza kushindwa pale ambapo mama wa miaka hamsini atembeaye taratibu anapita, kwa sababu kijana alikimbia siku ya kwanza na ya pili.

Ugonjwa wa mlima huanza kwa kuumwa kichwa, kichefuchefu, kukosa hamu ya chakula na kukosa usingizi. Dalili hizi ni za kawaida. Mgonjwa hupumzika, hunywa maji, wala hapandi zaidi mpaka apate nafuu. Lakini ziko dalili nyingine za hatari. Mtu ayumba kama mlevi, hawezi kutembea mstari ulionyooka. Au asema maneno yasiyo na maana. Au ahema sana hali amekaa kitako, akikohoa mate yenye povu. Huyo maji yamemwingia ubongoni au mapafuni. Dawa yake ni moja, kuteremka, na kuteremka sasa hivi, hata kama ni usiku, hata kama amebakiza hatua chache na fedha zake zimekwisha kulipwa. Viongozi wana machela ya gurudumu moja kwa kazi hiyo. Usibishane nao.

Jambo moja la watu wetu wa pwani, ambalo vitabu vya wageni havilisemi sana. Malaria nayo huanza kwa kichwa na kutapika. Mtu aweza kutoka Mbagala na vimelea katika damu, akaugua siku ya tatu mlimani, wenzake wakadhani ni ugonjwa wa hewa. Basi pima damu kabla ya kusafiri, na ukiugua mwambie kiongozi unatoka wapi. Na mwenye ugonjwa wa sikoseli asipande. Hata yule ambaye hana ugonjwa lakini amebeba nusu yake kutoka kwa mzazi mmoja, yampasa kuonana na daktari kwanza, maana hewa nyepesi yaweza kumdhuru wengu. Kadhalika mwenye shinikizo la damu, mwenye ugonjwa wa moyo na mama mjamzito. Madaktari wengine hutoa vidonge vya asetazolamaidi ili kuusaidia mwili kuzoea. Mwambie daktari kama dawa za salfa zinakudhuru.

Mwalimu wa darasa, simamisha hapa kidogo. Mwanafunzi mmoja asome maneno matano ya ubaoni, mwingine aeleze habari ya mabelo kwa maneno yake mwenyewe.

Tuendelee. Njia ni nyingi: Marangu, Machame, Umbwe, Lemosho na Rongai. Katika njia ya Marangu peke yake wapandaji hulala katika nyumba za mbao zenye vitanda. Katika nyingine hulala hemani. Kwa hiyo wapandaji waliipa Marangu jina la utani, njia ya Coca-Cola, na Machame wakaiita njia ya Whiskey. Lakini jina hilo limewadanganya watu wengi. Wao hudhani Marangu ni rahisi, nao huinunua kwa siku tano, kwa kuwa kila siku inayoongezeka yaongeza gharama. Tazama hesabu yake. Siku ya kwanza unatoka langoni, karibu mita 1,900, unapita msituni mpaka Mandara, mita 2,720. Siku ya pili Horombo, mita 3,720. Siku ya tatu Kibo, karibu mita 4,700, na usiku ule ule unaamshwa uende kileleni. Mwili wa mtu wa pwani haukupewa nafasi. Kwa maoni yangu, kikoba kikiwa na fedha za watu sita kwa siku tano, afadhali kipeleke watu watano kwa siku sita, walale Horombo usiku mara mbili. Siku ile ya katikati watembee juu kidogo kutazama kilele cha Mawenzi, kisha warudi kulala palepale.

Juu ya Desemba, nitasema kwa ufupi. Miezi mizuri ni Januari na Februari, na tangu Juni mpaka Oktoba. Vikundi vingi hupenda kupanda kwa ajili ya tarehe 9 Desemba, na sababu yake twaijua: usiku wa Uhuru, mwaka 1961, Luteni Alexander Nyirenda aliiweka bendera ya Tanganyika na Mwenge juu ya kilele, ambacho hapo kwanza kilikuwa na jina la Mfalme wa Wajerumani. Lakini mvua za vuli huwa bado hazijaisha. Tayarisha koti la mvua.

Sasa fedha. Kabla ya kulipa, dai mkataba ulioandikwa, ukausome mwenyewe, neno kwa neno. Hii ndiyo kazi ya kisomo chetu. Tazama kama umetaja siku ngapi, njia gani, viingilio vya hifadhi vimo au havimo, chakula, kiongozi, wapagazi, na nini kitatokea mmoja wenu akiugua kabla ya safari. Ukiona mahali pameandikwa "na mengineyo", uliza mengineyo ni nini. Chukua kitambulisho cha taifa, kwa sababu raia wa Afrika Mashariki hulipa kiingilio kidogo sana kuliko mgeni. Bila kitambulisho utathibitishaje? Na usilipe fedha kwa mtu mnayekutana stendi ya Magufuli pale Mbezi, hata akiwa na kofia na picha za theluji. Kampuni ina ofisi, ina leseni, na hutoa risiti.

Bei ikiwa ndogo mno, jiulize ni nani anayepunjwa. Mara nyingi ni mpagazi. Hawa ndio wanaobeba hema, chakula, mafuta ya kupikia na mabegi yenu, na wenyewe hujiita wagumu. Sheria ya hifadhi haitaki mpagazi abebe zaidi ya kilo 20, na mizigo hupimwa langoni. Lakini mizani haipimi kama amekula, wala kama ana blanketi. Wako wapagazi waliokufa kwa baridi mlimani, vijana wa Kitanzania, wakiwa na nguo za mjini. Kwa hiyo uliza kampuni: wapagazi watalipwa kiasi gani, watakula mara ngapi kwa siku, watalala wapi? Kampuni nzuri haikasiriki kwa swali hilo. Na bakshishi ya mwisho wa safari mwigawe mbele ya watu wote, kila mtu akisikia kiasi chake.

Nguo hazihitaji kununuliwa dukani. Katika mitumba ya Tandika au Manzese mtu mvumilivu atapata koti zito, sweta za sufu, kofia ya kufunika masikio na glavu. Epuka nguo za pamba mwilini, maana zikilowa jasho hazikauki, nazo hukugandisha. Viatu vinunue mapema, uvivae mwezi mzima ukienda sokoni na kazini. Mazoezi yafanyeni katika vilima vya Pugu, na mwenye nauli aende milima ya Uluguru, Morogoro. Hayo yataimarisha miguu na pumzi, lakini hayatawazoesha hewa nyepesi. Pugu ni chini sana.

Usiku wa kileleni huanza kama saa sita. Unaamshwa, unakunywa chai, unavaa nguo zote ulizo nazo. Baridi yaweza kufika nyuzi 10 au 15 chini ya sufuri. Maji ya chupa huganda; ichukue ndani ya koti, au uigeuze kichwa chini, kwa kuwa barafu huanza juu. Njia ni changarawe inayoteleza, hatua mbili mbele, moja nyuma. Kila mmoja atazama visigino vya mwenzake katika mwanga wa taa. Mnapofika Gilman's Point, kwenye ukingo wa shimo la volkano, mmekwisha kupanda sehemu ngumu, na wako wanaoishia hapo. Hao nao hupewa hati. Wenye nguvu huendelea kwa saa moja u nusu hivi mpaka Uhuru. Wanakaa dakika chache tu, kisha siku ile ile wanateremka hadi Horombo, na magoti ndipo yanapojua kwamba kuteremka ni kazi.

Kazi hii ya kuongoza ni ya zamani. Mjerumani Hans Meyer na mwenzake Ludwig Purtscheller walifika kileleni tarehe 6 Oktoba 1889, baada ya Meyer kushindwa safari za kwanza, na huko Marangu watu humtaja Yohani Kinyala Lauwo kuwa ndiye aliyewaongoza. Aliishi mpaka mwaka 1996. Na kazi hiyo imewafikisha mbali wajukuu wa mlima. Wilfred Moshi, aliyefanya kazi Kilimanjaro, alikwenda Nepal katika milima ya Himalaya, na mwezi Mei 2012 akawa Mtanzania wa kwanza kusimama juu ya Everest, mita 8,849. Kule wageni huongozwa na Masherpa kama huku wanavyoongozwa na Wachagga na wenzao, hata kwa vilele vidogo kama Mera Peak, mita 6,476. Tofauti ni kwamba kule yahitajika kamba, shoka la barafu na vyuma vya kufunga viatuni. Njia ya Marangu ni ya miguu mitupu ya subira.

Kazi ya darasa kwa juma hili. Langoni na katika kila kituo cha kulala kuna daftari kubwa, na kila mpandaji huandika habari zake. Kiongozi hawezi kukuandikia sahihi. Chora daftari hilo ukurasa mmoja, lenye safu tano: jina, umri, kazi, nchi, jina la kiongozi. Kisha andika mstari wako, kwa wino, bila kufuta. Mwalimu atakusanya.