Mpaka wa Ohio na Michigan Ulioamuliwa kwa Kura

Mwaka 1835 Robert Lucas, gavana wa Ohio, na Stevens T. Mason, kaimu gavana wa Michigan aliyekuwa na umri wa miaka 23, waliita wanamgambo kugombea ukanda wa ardhi wa kilomita za mraba zipatazo 1,200. Sehemu kubwa ilikuwa vinamasi. Kilichotamaniwa ni Toledo, pale Mto Maumee unapoingia Ziwa Erie, kwa kuwa enzi hizo bidhaa zilisafirishwa kwa mifereji na bandari hiyo ilitarajiwa kutajirika.

Chanzo kilikuwa ramani mbovu. Sheria ya mwaka 1787 ilitaja mstari unaokwenda mashariki kutoka ncha ya kusini ya Ziwa Michigan, lakini ramani za wakati ule ziliiweka ncha hiyo kaskazini mno. Ohio ikaweka katika katiba yake ya mwaka 1802 kifungu cha kujihami: mstari ukiangukia kusini, upindishwe ili mlango wa Maumee ubaki kwake. Wapimaji wakaja mara mbili, mwaka 1817 na 1818, wakaacha mistari miwili. Waliokaa katikati wakadaiwa utii na serikali mbili.

Aprili 1835 watu wa Michigan waliwavamia wapimaji wa Ohio, wakafyatua risasi juu ya vichwa vyao na kuwakamata tisa. Damu ilimwagika Julai, pale Two Stickney, mfuasi wa Ohio (kaka yake aliitwa One), alipomchoma kisu naibu sherifu wa Michigan, Joseph Wood. Wood alipona.

Kisheria, Michigan ndiyo iliyokuwa na haki. Hata mwanasheria mkuu wa Rais Andrew Jackson alishauri kwamba ukanda huo ni wa Michigan mpaka Bunge la Congress litakapoamua vinginevyo. Lakini uchaguzi wa mwaka 1836 ulikuwa unakaribia. Ohio ilikuwa na kura 21 za kumchagua rais. Michigan ilikuwa bado haijakubaliwa kuwa jimbo. Indiana na Illinois nazo zilikwisha kusogeza mipaka yao kaskazini ya mstari uleule, hivyo hazikutaka uguswe. Jackson akamwachisha Mason kazi. Juni 1836 Congress ikatoa sharti: Michigan iiachie Ohio ukanda huo, ipewe sehemu kubwa ya rasi ya kaskazini, ndipo iwe jimbo. Wajumbe wake walikataa Septemba. Desemba, hazina ikiwa taabani, mkutano mwingine ukakubali. Michigan ikawa jimbo tarehe 26 Januari 1837.

Miaka michache baadaye shaba na chuma vilianza kugunduliwa katika rasi ile, na tangu hapo kisa hiki husimuliwa kama bahati njema ya Michigan. Mimi naona usimulizi huo unaficha dhuluma. Sehemu ya magharibi ya rasi hiyo, Congress ilipoigawa, ilikuwa bado ardhi ya Waojibwe. Mkataba wa kuwaondolea umiliki ulitiwa saini La Pointe mwaka 1842. Jimbo moja lilifidiwa kwa mali ya watu ambao hawakuwa na kiti mezani.

Lucas hakuachana na mipaka. Mwaka 1839 alikuwa gavana wa Iowa, akikabiliana na Missouri iliyodai ukanda mwingine. Miti yenye mizinga ya nyuki ilikatwa, sherifu wa Missouri akakamatwa, wanamgambo wakaitwa tena. Safari hii shauri lilikwenda Mahakama Kuu ya Marekani, ambayo katiba inaipa mamlaka ya kusikiliza kesi kati ya majimbo. Mwaka 1849 majaji walishikilia mstari uliopimwa na John C. Sullivan mwaka 1816, ingawa ulipinda, kwa sababu serikali ilikuwa imeutumia kwa miaka mingi. Naona hekima hapo: mpaka uliozoeleka, hata ukiwa na kasoro, huwaacha watu katika nyumba zao.

North Carolina na South Carolina zilichagua njia nyingine. Alama za karne ya 18 zilikuwa zimechongwa kwenye miti ambayo mingi ilikwisha kutoweka, kwa hiyo majimbo hayo yalitafuta upya mstari wa awali, kwa maelewano, bila kesi. Ulipoanza kutumika rasmi Januari 2017, baadhi ya familia zilijikuta zimehamia jimbo jingine bila kuhama. Kituo kimoja cha mafuta kiliangukia upande wenye kodi kubwa zaidi ya petroli. Mabunge yote mawili yalilazimika kutunga sheria za kuwapunguzia wakazi hao makali, ikiwamo kuwaruhusu watoto wao waendelee na shule walizokuwa wakisoma.