Kamera ya Kwanza Kwenye Vumbi la Buha

Jumamosi ya Julai, saa nne asubuhi, kanisani Kasulu. Nje jua la kiangazi linawaka, ndani kuna giza la saa za jioni. Madirisha ni madogo, mlango mkubwa uko wazi nyuma ya wageni, bwana harusi kavaa suti nyeusi na bibi harusi shela jeupe. Kijana aliyeombwa na familia apige picha ananyoosha simu yake wakati wa kuvishana pete. Kwenye kioo cha simu picha inapendeza. Jioni anaifungua kwenye kompyuta ya stesheneri ili isafishwe kwa ukubwa wa fremu ya ukutani, na hapo anakuta vidole vimeungana, nyuso zimelainika kama nta, na shela limekuwa kipande kimoja cheupe kisicho na ua wala mshono.

Wengi wa wapiga picha wa Kasulu na Kibondo, huku Buha mkoani Kigoma, huanza kuitafuta kamera siku kama hiyo. Na swali la kwanza wanalouliza dukani huwa ni la megapikseli.

Swali hilo lilikuwa na maana miaka ya 2000 mwanzoni. Leo halimsaidii mnunuzi mwenye fedha kidogo. Kamera ya Canon EOS 700D, iliyotoka mwaka 2013, ina megapikseli 18, na hizo zinatosha kusafisha picha ya ukubwa wa A3 bila kuonyesha ukungu. Familia chache sana za huku huagiza picha kubwa kuliko hiyo. Kinachoitofautisha kamera hiyo na simu ni ukubwa wa kile kipande cha ndani kinachopokea mwanga. Katika 700D kina upana wa milimita 22 hivi na kimo cha milimita 15. Cha simu nyingi hakifiki ukubwa wa ukucha wa kidole cha mwisho. Kanisani, ambako mwanga ni wa kuokoteza, kipande kikubwa huokota zaidi, na picha haijai chengachenga.

Kwa hiyo kamera ya mtumba iliyotoka zaidi ya miaka 10 iliyopita inafaa kabisa kuanzia kazi. Nikon D3200 ya mwaka 2012 inafaa, 700D inafaa, na ndugu zake wa karibu pia. Zote humruhusu mpiga picha kuamua mwenyewe mwanga uingie kiasi gani na kwa muda gani, na huku hilo ni jambo kubwa. Kipimo cha mwanga cha kamera hakijui kilichoko mbele yake. Hutaka tu kuifanya picha nzima iwe ya wastani. Kikiona shela jeupe limejaa kwenye fremu, hupunguza mwanga, na uso wa bibi harusi mwenye rangi ya kahawa unazama gizani. Kikiona suti nyeusi, huzidisha, na shati jeupe linaungua. Mpiga picha anayepima mwanga usoni kwa mtu, kisha akaacha mipangilio ibaki hapo hapo, anatoka na nyuso zenye uhai hata kwa kamera ya zamani.

Tatizo hili la weusi ndani ya giza lina historia yake mkoani Kigoma. Mwaka 1962 shirika la National Geographic lilimtuma Hugo van Lawick kwenda Gombe, kwenye fukwe za Ziwa Tanganyika, kupiga picha za sokwe waliokuwa wakichunguzwa na Jane Goodall. Manyoya meusi, kivuli cha msitu, na mnyama asiyeambiwa asimame. Picha zake zilitoka kwenye jarida la shirika hilo Agosti 1963. Hakuwa na kamera ya kumwonyesha picha papo hapo, wala ya kumwongezea mwanga kwa kubonyeza kitufe. Alikuwa na lenzi, filamu, na subira.

Lenzi ndiyo inayostahili fedha. Ile ya 18-55 inayouzwa pamoja na kamera ni nzuri nje, kwa picha ya ukoo mzima chini ya mwembe, lakini ukiivuta karibu, tundu lake haliwezi kufunguka zaidi ya f/5.6 (namba ya f ikiwa ndogo, tundu huwa kubwa). Lenzi ya milimita 50 yenye f/1.8, ambayo Canon huiuza kama moja ya lenzi zake za bei nafuu kabisa, hupitisha mwanga karibu mara 10 zaidi. Mtu asiichukulie hesabu hiyo kuwa ya vitabuni tu. Picha ya pete iliyohitaji sehemu moja ya 15 ya sekunde, ambapo mkono ukitetema kidogo inaharibika, sasa inapigwa kwa sehemu moja ya 125, na bwana harusi anaweza hata kucheka katikati.

Lenzi hiyo ina gharama yake nyingine. Kwenye kamera za ukubwa huu huona kwa wembamba, kama lenzi ya milimita 80 inavyoona kwenye kamera ya filamu. Katika sebule ya nyumba ya Kibondo, mpiga picha atarudi nyuma mpaka mgongo ugonge kabati na bado bibi na wajukuu hawatoshi. Ndiyo maana 18-55 haiuzwi. Inabaki kwenye begi. Kwa Nikon, lenzi ya milimita 35 yenye f/1.8 huona karibu na jicho la kawaida na ni chaguo bora zaidi kwa vyumba vyetu. Hapo pana mtego mmoja: kamera za Nikon za mfululizo wa D3000 hazina mota ya fokasi ndani, kwa hiyo lenzi za zamani zenye herufi D zitafungika vizuri, zitapiga picha, lakini fokasi itabidi izungushwe kwa mkono. Wauzaji si wote wanaolisema hilo.

Je, kamera mpya zisizo na kioo cha kuakisi ndani (mirrorless)? Ni nyepesi, na fokasi yake machoni ni ya ajabu. Lakini kwa anayeanza huku, betri inazihukumu. Kwa kipimo cha kawaida cha viwanda, Canon EOS M50 ya mwaka 2018 hupiga picha 235 kwa chaji moja. Nikon D3500 ya mwaka huohuo hupiga 1,550. Harusi huanza saluni asubuhi na kumalizika ukumbini usiku wa manane. Kasulu na Kibondo ziliishi miaka mingi kwa umeme wa jenereta za dizeli kabla gridi ya taifa haijafika, na hata leo ukumbi ukizimika katikati ya keki, betri ya pili mfukoni ni sehemu ya kazi. Betri mbili, memori kadi mbili. Kadi moja ikigoma, ndoa nzima haipotei.

Flashi nayo inunuliwe mapema, hata ile ya Yongnuo YN560 ya kurekebishwa kwa mkono, inayotumia betri nne ndogo za kawaida. Mafunzo mengi ya video husema igeuzwe juu ili mwanga ugonge dari na kurudi ukiwa laini. Kumbi nyingi za huku hazina dari nyeupe. Juu ni mbao na mabati, na mwanga unapotelea huko. Kipande cha kadi nyeupe kilichofungwa kwa mpira nyuma ya flashi kinafanya kazi ambayo dari haifanyi.

Kabla ya kutuma fedha Kariakoo, Dar es Salaam, mnunuzi azungukie wapiga picha wa mjini kwake aone wanatumia nini. Kama wengi wana Canon, anunue Canon, hata kama Nikon aliyoiona ina sifa bora kidogo. Chaja ikifa Ijumaa jioni, Dar es Salaam iko mbali zaidi ya kilomita 1,200, na msaada utatoka kwa jirani wa studio ya mtaa wa pili. Lenzi huazimwa vivyo hivyo.

Kuna jambo la kutia moyo katika kununua mtumba. Mohamed Amin, aliyekulia Dar es Salaam na ambaye picha zake za njaa ya Ethiopia mwaka 1984 ziliitikisa dunia, alianza utotoni na kamera ya Box Brownie iliyokwishatumika. Ilikuwa boksi tu lenye lenzi ya kawaida kabisa.

Lakini mtumba hukaguliwa. Lenzi imulikwe kwa tochi kutoka nyuma: nyuzinyuzi kama utando wa buibui ni ukungu, na ukungu ulioingia kati ya vioo hautoki kwa kufuta na kitambaa. Mviringo wa kuvuta usikilizwe. Ukikwaruza, kuna mchanga. Kisha tundu la lenzi lifungwe mpaka f/16 na picha ipigwe kwenye anga tupu. Madoa meusi yanayobaki mahali palepale kila picha ni vumbi lililokaa ndani. Machache husafishika. Kamera ya hapa itakutana na mengine, kwa sababu kiangazi vumbi jekundu la barabara hupenya hata begi lililofungwa zipu. Kwenye bodaboda, kamera iingie kwanza kwenye mfuko wa plastiki usiopitisha hewa, ndipo kwenye begi, na lenzi isibadilishwe njiani.

Karibu na tundu la kufungia stendi, chini ya mwili wa kamera, pana namba yake ya kiwandani. Iandikwe kwenye risiti pamoja na jina na simu ya muuzaji, na ilinganishwe na ile ya boksi kama boksi lipo. Muuzaji anayekataa kuandika namba hiyo, kamera yake iachwe mezani.