Kabla ya Kuripoti Kambini: Namna ya Kununua Mavazi na Vifaa vya Mafunzo ya Jeshi

Katika miaka ya karibuni, tangazo la Jeshi la Kujenga Taifa (JKT) linalowaita wahitimu wa kidato cha sita kwenye mafunzo ya mujibu wa sheria limekuwa likitoka wakati wa mitihani ya Mei au mara baada yake, na vijana hutakiwa kuripoti kambini mwishoni mwa mwezi huo au mwanzoni mwa Juni. Muda unaobaki ni mfupi. Ndani ya muda huo familia hutafuta nauli, bukta, fulana, raba, shuka, soksi na nguo za baridi, vyote kwa pamoja, na aghalabu kwa fedha ya mkopo au ya mazao yaliyouzwa kabla ya wakati wake.

Mnunuzi mwenye haraka hukosea kwa urahisi, na wauzaji wasio waaminifu wanalijua hilo. Mwongozo huu unawahusu vijana wa Morogoro, mjini na katika milima ya Uluguru, pamoja na wazazi na walezi wao. Shabaha yake ni moja: kila shilingi inayotumika inunue kitu kinachotakiwa, kitakachodumu hadi mwisho wa mafunzo, na ambacho kasoro yake itagunduliwa mnunuzi akiwa bado karibu na duka.

Nani anahusika

JKT ilianzishwa tarehe 10 Julai 1963. Mafunzo ya mujibu wa sheria yalisitishwa mwaka 1994 na kurejeshwa mwaka 2013. Wako pia vijana wanaojiunga kwa kujitolea. Kwa kijana anayetamani kuwa ofisa wa Jeshi la Wananchi wa Tanzania (JWTZ), hatua hii ina uzito wa pekee, kwa kuwa matangazo ya nafasi za jeshi yamekuwa yakimtaka mwombaji awe na cheti cha JKT. Wachache watakaochaguliwa kuwa maofisa wanafunzi watapelekwa Chuo cha Mafunzo ya Kijeshi, Monduli, na wakihitimu hutunukiwa kamisheni kwa cheo cha Luteni Usu. Kijana anayerudishwa nyumbani na kidonda cha mguu katika wiki za mwanzo huipoteza nafasi hiyo mapema, na wakati mwingine chanzo ni raba zilizonunuliwa usiku wa kuamkia safari.

Nunua kwa orodha, si kwa macho

Orodha sahihi ni ile iliyomo katika tangazo la mwaka husika. Usitumie orodha ya kaka yako wa miaka mitatu iliyopita, wala ile anayokutajia muuzaji. Matangazo ya miaka ya karibuni kwa wahitimu wa kidato cha sita yametaja bukta ya bluu iliyokoza yenye mpira kiunoni, inayoishia magotini na isiyo na zipu. Fulana ya kijani. Raba za michezo za kijani au bluu. Shuka mbili za bluu bahari. Soksi ndefu nyeusi. Suti ya michezo ya kijani au bluu. Na nguo za kuzuia baridi kwa wanaopangiwa mikoa yenye baridi. Nyaraka za masomo na nauli ya kwenda na kurudi hutajwa pia.

Zingatia maneno yanayoonekana madogo. Bukta nzuri ya bei kubwa yenye zipu si bukta iliyoagizwa. Rangi nazo husumbua: ukisema “bluu bahari” katika maduka matatu ya Soko Kuu la Chifu Kingalu, unaweza kuletewa rangi tatu tofauti. Nenda sokoni na nakala ya tangazo, mwoneshe muuzaji, na umwambie waziwazi kuwa unanunua kwa ajili ya mafunzo ya JKT. Kauli hiyo ina maana kisheria, kama itakavyoelezwa hapa chini. Ikiwezekana, zungumza na mtu aliyehitimu mafunzo mwaka uliotangulia, ukatazame shuka aliyokubaliwa nayo.

Vitu vidogo ambavyo havikutajwa, kama vile taulo, kandambili, sabuni, mswaki, sindano na uzi, na pedi kwa wasichana, vinunuliwe mwisho, baada ya vilivyotajwa kukamilika. Nguo za ndani ziwe mpya. Kuuza nguo za ndani za mitumba kumepigwa marufuku nchini kwa sababu za afya, hata kama bado utazikuta zimetandazwa chini mnadani.

Nguo ambazo raia haruhusiwi kuzinunua

Wapo vijana wanaodhani kwamba kujiandaa kwa jeshi ni kujivika kijeshi. Hununua koti la mabaka, suruali ya kombati au kofia inayofanana na ya askari, na muuzaji wa mitumba huwaambia kuwa “hii ndiyo yenyewe”. Fedha ya namna hiyo hupotea mara mbili. Kwanza, nguo hiyo haimo katika orodha. Pili, sheria za nchi zinamkataza raia kuvaa sare za jeshi au mavazi yanayofanana nazo, na mavazi hayo yakikamatwa hayarudi. Mwezi Agosti 2023, JWTZ ilitoa siku 7 kwa raia wenye mavazi hayo kuyasalimisha. Anayetaka kulitumikia jeshi asianze safari yake kwa kujieleza kituo cha polisi. Sare hutolewa na jeshi lenyewe, kwa wakati wake.

Viatu: sehemu ya kutumia fedha zaidi

Kama fedha haitoshi kununua kila kitu kwa ubora uleule, punguza kwenye begi na suti ya michezo, usipunguze kwenye raba. Chukua mfano huu, ambao bei zake ni za kielelezo tu. Raba za shilingi 15,000 zikiachia soli baada ya wiki mbili, na nyingine kama hizo zikahitajika mara tatu katika miezi mitatu, mnunuzi atakuwa ametumia shilingi 60,000. Raba madhubuti za shilingi 40,000 zingemfikisha mwisho wa mafunzo na kumwachia shilingi 20,000 mfukoni. Isitoshe, aliye kambini hana uhuru wa kwenda sokoni siku anayotaka.

Jaribu raba jioni, baada ya kutembea, kwa kuwa miguu huvimba kadiri siku inavyosonga. Vaa soksi utakazotumia kambini, na uvae viatu vyote viwili, kwani miguu ya mtu mmoja inaweza kutofautiana kwa ukubwa. Kati ya kidole kirefu na ncha ya kiatu ibaki nafasi ya upana wa kidole gumba. Kisha kikague kiatu chenyewe. Kikunje: kinapaswa kujikunja pale vidole vinapoanzia, si katikati ya unyayo. Bonyeza sehemu ya kisigino: isilale kama karatasi. Pitisha ukucha kwenye mshono wa soli: gundi isiwe na mianya.

Raba za mtumba zinaweza kuwa imara kuliko mpya zisizo na ubora, lakini zina hatari zake. Gundi iliyokaa muda mrefu hukauka, na soli iliyolika upande mmoja imeshafuata mwendo wa mtu mwingine. Ziweke juu ya meza na uzitazame kwa nyuma; zikiegemea upande, ziache.

Kitambaa, fundi na kipimo

Ili kujua kama fulana au shuka itachuja rangi, lowesha kitambaa cheupe na ukisugue upande wa ndani wa nguo kwa nusu dakika. Rangi ikihamia kwenye kitambaa hicho, itahamia pia kwenye nguo nyingine siku ya kwanza ya kufua. Bukta ivutwe kiunoni mara kadhaa. Mpira urudi bila kulegea. Tazama pia mshono wa katikati ya miguu, kwa kuwa ndio unaoachia mapema wakati wa mazoezi.

Anayeshonesha bukta kwa fundi anunue kitambaa kwa mita na akitazame kinapopimwa. Rula ya mita inapaswa kuwa imehakikiwa na Wakala wa Vipimo, na kitambaa kisivutwe wakati wa kupimwa. Kitambaa cha pamba kilowekwe na kukaushwa kabla ya kukatwa, la sivyo bukta iliyoishia magotini itapanda baada ya kufuliwa. Mpe fundi maelezo kwa maandishi: rangi, urefu, mpira, bila zipu, na tarehe ya kukabidhi. Usilipe fedha yote mwanzoni. Bakisha sehemu yake hadi utakapoivaa nguo na kuichuchumalia.

Milima ya Uluguru kama uwanja wa majaribio

Mji wa Morogoro uko takribani mita 500 juu ya usawa wa bahari, na kijana aliyekulia mjini anaweza kudharau neno “baridi” katika orodha. Lakini hewa hupoa kwa wastani wa nyuzi 6 hivi kwa kila mita 1,000 za kupanda. Kambi ya Mafinga mkoani Iringa iko kwenye nyanda za juu, na mwezi Juni ni msimu wa baridi. Mkazi wa Nyandira au Mgeta analijua hilo bila kuelezwa. Wa Kihonda na Msamvu amuulize kabla ya kununua sweta jepesi la urembo. Pima sweta kwa kulivaa alfajiri, si dukani saa 7 mchana. Anayepangiwa Ruvu au Chita, kwenye joto, hana sababu ya kununua koti zito.

Milima hiyohiyo inafaa kupimia raba. Siku mbili za kwanza zivae ndani ya nyumba, juu ya mkeka, zisichafuke. Zikibana, unaweza kuzungumza na muuzaji zikiwa bado safi. Baada ya hapo tembea nazo barabara tambarare, kisha panda njia ya kuelekea Morningside na kurudi, ukiwa na begi mgongoni. Kupanda hukuonesha kama kisigino kinachubuka. Kuteremka hukuonesha kama vidole vinagonga mbele. Baki kwenye barabara na njia za vijiji. Misitu ya juu ni hifadhi na kuingia humo kunahitaji kibali. Usiende peke yako, na mvua ikianza rudi, kwa kuwa njia za Uluguru huteleza.

Risiti na haki zako

Wahenga walisema: mali bila daftari hupotea bila habari. Dai risiti kwa kila unachonunua. Sheria ya kodi inamtaka muuzaji aitoe na mnunuzi aidai. Kwa mfanyabiashara mdogo asiye na mashine, omba karatasi yenye tarehe, jina la bidhaa, bei, jina lake na namba ya simu.

Sheria ya Mauzo ya Bidhaa na Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 zinamlinda mnunuzi katika mambo makuu matatu. Bidhaa ilingane na maelezo yaliyotolewa. Iwe na ubora unaokubalika kwa kuuzwa. Na ifae kwa kazi ambayo mnunuzi alimweleza muuzaji, akategemea ujuzi wake. Ndiyo maana ulishauriwa kutaja JKT mapema. Bango la “bidhaa ikiuzwa hairudishwi” si kinga ya muuzaji aliyedanganya.

Haki hizo zina mipaka. Kasoro uliyooneshwa ukaikubali, au ambayo ungeiona kwa kukagua tu, ni vigumu kuidai baadaye. Kubadili mawazo si kasoro. Anayekubali kukubadilishia rangi kwa sababu hiyo anakufanyia hisani.

Ukipata tatizo, rudi kwanza kwa muuzaji ukiwa na bidhaa na risiti, ueleze kwa upole unachotaka: kubadilishiwa, kutengenezewa au kurudishiwa fedha. Akikataa bila sababu, wasilisha malalamiko Tume ya Ushindani. Bidhaa isiyokidhi viwango hushughulikiwa na Shirika la Viwango Tanzania, na upungufu wa vipimo na Wakala wa Vipimo.

Anayeuza nafasi ni tapeli

Nafasi ya mafunzo haiuzwi. Mtu anayekupigia simu akidai fedha ili jina lako liingizwe, au anayekutaka umlipie “kifurushi cha vifaa” kabla ya kuripoti, asipewe hata senti. Hifadhi namba na ujumbe wake, kisha toa taarifa polisi. Majina na maelekezo yasomwe kwenye tangazo la JKT lenyewe.

Mpangilio wa siku

Aliye na wiki mbili anaweza kujipanga hivi:

Siku ya 1: soma tangazo lote, orodhesha ulivyo navyo tayari nyumbani, kisha tenga nauli na usiiguse.
Siku ya 2 na ya 3: nunua raba na soksi, mpelekee fundi kitambaa kilicholowekwa.
Siku ya 4 hadi ya 9: jaribu raba kidogo kidogo, nunua shuka, fulana na nguo za baridi, fua kila kitu mara moja.
Siku ya 10: chukua bukta kwa fundi; rudisha chenye kasoro.
Siku mbili za mwisho: andika jina kwenye kila nguo, panga nyaraka, na uweke risiti zote nyumbani kwa mzazi au mlezi.

Risiti zisiende kambini. Bidhaa ikiharibika ukiwa huko, aliyebaki nyumbani ndiye atakayeweza kwenda dukani kwa niaba yako, na atahitaji kielelezo mkononi.